Mchoro wa Nne

Jumatatu asubuhi Bi Nukta alizisoma kurasa zile kwa mara ya tatu, safari hii akiwa na rula. Aliiweka chini ya kila mstari wa ripoti ya mwanafunzi, kisha chini ya mstari wa makala ya mhadhiri, na kila maneno yalipolingana akayapigia mstari kwa penseli nyekundu. Alipofika mwisho, ukurasa wa kumi na mbili wa ripoti ulikuwa mwekundu kuanzia juu mpaka chini. Aya nne nzima, maneno mia tatu na ushee.

Kabla ya kuajiriwa na chuo hiki cha ufundi wa maji, alikuwa ametumikia polisi miaka kumi na tisa katika kitengo cha nyaraka za kughushi. Jina la Bi Nukta alipewa na wanafunzi, baada ya kukamata cheti bandia kwa sababu ya nukta moja iliyokaa mahali pasipo pake. Alilijua jina hilo na halikumuudhi. Kazi yake chuoni ilikuwa kuchunguza kila shauri la wizi wa maandishi kabla halijaenda kamati ya nidhamu, na hakuwahi kupeleka shauri ambalo baadaye lilirudishwa.

Mtuhumiwa alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mwanamke wa miaka arobaini na sita, fundi wa pampu za mkono tangu usichana wake. Chuo kizima kilimwita Mama Pampu. Alirudi darasani baada ya kitindamimba wake kuingia sekondari, akakaa dawati la mbele na watoto wa rika la wanawe, na ripoti yake ya mwisho ilieleza kwa nini pampu za mkono hufa kabla ya wakati wake. Mlalamikaji alikuwa mhadhiri wa mitambo, ambaye wote walimwita Daktari. Makala yake ilitoka kwenye jarida la chuo mwezi wa tatu. Ripoti iliwasilishwa mwezi wa tano. Kamati ingekaa Alhamisi, na kama Mama Pampu angepatikana na hatia angefukuzwa, miaka mitatu ikapotea hivi hivi.

Alipohojiwa mara ya kwanza alizitoa wapi aya zile, alijibu neno moja: kichwani. Baada ya hapo alinyamaza, na katibu wa kamati akaandika kwamba mtuhumiwa hakutoa ushirikiano.

Bi Nukta alianzia kwa mwalimu wa uandishi, kijana aliyepewa chumba kidogo nyuma ya maktaba na kazi ambayo wahadhiri wengine hawakuitaka: kuwafundisha mafundi namna ya kutaja walikotoa maneno yao. Alikuwa na namna yake ya kufundisha. Kila mwanafunzi alitakiwa awe na boksi la viatu lenye kadi, na kila kadi iandikwe nani alisema, wapi, ukurasa gani, siku gani. Hata kama maneno yametoka mdomoni mwa mtu barabarani, aliwaambia, mtu huyo ana jina, na siku aliyoyasema ina tarehe. Mwaka wa kwanza wanafunzi walimcheka. Siku hizi walikuwa wanaonyeshana maboksi, na mwalimu huyu alipolifungua la Mama Pampu juu ya meza, alilifungua kama mtu anayefunua kitanda cha mtoto aliyelala.

Kadi zilikuwa mia moja na kumi na nne. Bi Nukta alizisoma zote. Kulikuwa na kadi ya kila kitabu, kila mkutano, na hata ya mlinzi wa getini aliyesema pampu ya uani huanza kulia kiangazi. Karibu na saa sita mchana akaishika kadi ya themanini na tisa, akaisoma mara mbili, akainuka na kwenda kuangalia daftari la maktaba. Aliporudi aliiweka kadi mbele ya mwalimu.

"Hili toleo la jarida ndilo lenye makala ya Daktari," alisema. "Alilichukua wiki sita kabla ya kuwasilisha ripoti. Sahihi yake ipo."

Mwalimu aliitazama kadi. "Alilichukua kwa ajili ya makala nyingine. Ya ukurasa wa thelathini na moja, kuhusu kutu. Na ameitaja kwenye marejeo, toleo na ukurasa."

"Lakini jarida lilikuwa mkononi mwake."

"Mwizi gani anaacha anwani yake?"

"Nimewakamata wengi walioacha," alisema Bi Nukta.

Mwalimu akazipanga kadi upya ingawa zilikuwa zimepangwa tayari. Mwishowe akakiri jambo lililomkosesha raha tangu mwanzo. Mwanamke huyu alikuwa na kadi ya kila kitu, lakini aya zile nne hazikuwa na kadi. Kama aliziiba, mbona hakujisumbua kuzitafutia kadi ya uongo? Na kama hakuziiba, kadi yake iko wapi?

Bi Nukta alirudi ofisini na maswali hayo, akafunga mlango, akazitandaza tena kurasa zenye alama nyekundu. Asubuhi alikuwa ametafuta yanayofanana. Sasa alitafuta yasiyofanana. Yalikuwa mawili tu.

La kwanza lilihusu ngozi. Ndani ya pampu ya mkono mna kikombe cha ngozi kinachobana maji yasirudi chini, na ngozi mpya hulowekwa kwenye mafuta kabla ya kufungwa. Makala ya Daktari ilisema ilowekwe kwa muda wa saa mbili. Ripoti ya Mama Pampu ilisema saa kumi na mbili.

La pili lilikuwa sentensi fupi iliyokuwa kwenye makala na haikuwa kwenye ripoti: kama mchoro wa nne unavyoonyesha. Bi Nukta aliifungua makala tangu mwanzo, akahesabu michoro kwa ncha ya penseli. Mmoja. Wa pili. Akageuza mpaka ukurasa wa mwisho. Hapakuwa na wa tatu, sembuse wa nne.

Alichukua daftari lake akapanda ghorofa ya pili.

Daktari alimpokea vizuri, akamvutia kiti, akaomba radhi kwa usumbufu ambao shauri hili lilikuwa linauleta kwa kila mtu. Alisema hana kinyongo na yule mama, ila heshima ya chuo lazima ilindwe. Bi Nukta alikubaliana naye kuhusu heshima ya chuo, kisha akauliza kuhusu mchoro wa nne. Daktari alitabasamu. Mhariri wa jarida, alieleza, alipunguza michoro kwa kukosa nafasi. Bi Nukta akaomba kuiona iliyopunguzwa. Ilikuwa kwenye kompyuta ya zamani, na kompyuta ile ilikwishaharibika.

"Unaniruhusu nimpigie mhariri?" aliuliza.

Alipiga akiwa pale pale kitini. Mhariri alitafuta jalada lake huku simu ikiwa wazi, akarudi na jibu: alipokea makala pamoja na michoro miwili, na hakupunguza kitu. Bi Nukta alimshukuru, akaandika saa na dakika, akageuza ukurasa wa daftari lake.

"Na hii ngozi, Daktari. Saa mbili zinatosha?"

"Ngozi hulainika haraka kwenye mafuta."

"Umewahi kuloweka mwenyewe?"

Daktari alirekebisha kalamu mezani. Alisema yeye ni mtu wa nadharia, na kwamba kuloweka ngozi ni kazi ya mafundi. Bi Nukta aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akaaga.

Siku iliyofuata, alasiri, alikwenda nyumbani kwa Mama Pampu. Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, yenye mlango wa bluu na bawaba zilizopakwa mafuta zikafunguka bila kelele. Sebuleni binti wa sekondari alikuwa ameinamia madaftari kwenye meza moja na vitabu vya mama yake, mstari wa chaki ukiigawa meza katikati ili kila mtu ajue mpaka wake. Mama mkwe alikuwa kwenye mkeka akikunja nguo. Alipojulishwa mgeni ni nani, hakuacha kukunja.

"Mwanangu, nimeishi na huyu mkamwana miaka ishirini na miwili," alisema. "Hata chumvi ya jirani hakopi. Leo ndiyo mnaniambia anakopi vitabu?"

Binti alicheka, akaziba mdomo. Bi Nukta naye nusura acheke. Aliomba azungumze na mwenye ripoti peke yao, wakaenda kukaa uani kwenye benchi, pembeni ya pampu ndogo iliyofunguliwa na kutandazwa vipande vipande juu ya gunia.

Bi Nukta hakuuliza kuhusu makala. Aliuliza ngozi mpya hulowekwa muda gani.

"Saa kumi na mbili."

"Na mtu akiwa na haraka?"

"Kumi na mbili vilevile. Haraka ni ya mtu, ngozi haina haraka."

"Ukiloweka saa mbili?"

Mama Pampu aliokota kikombe cha ngozi kwenye gunia, akakikunja kwa kidole gumba ili mgeni aone. Alieleza kwamba mafuta yanakuwa yameingia juu tu, ndani ngozi bado kavu, na baada ya wiki mbili inapasuka hapa kwenye ukingo. Alikuwa ameona pampu nyingi zilizouawa hivyo. Alisema kwa sauti ya mtu anayewataja jamaa waliokufa kwa uzembe wa wengine.

Ndipo Bi Nukta akauliza kama amewahi kuona mchoro wa nne.

Mama Pampu alikirudisha kikombe mahali pake, akakiweka sawa na vipande vingine. Kisha akauliza wamejuaje kuhusu mchoro wa nne, maana kwenye ripoti yake hakuuweka. Bi Nukta alimwambia ukweli: umetajwa kwenye makala ya Daktari, lakini haupo. Mama Pampu alisema hakuwahi kuisoma makala ile. Katika jarida lile alisoma habari ya kutu, akaandika kadi, akalirudisha.

Habari ikatoka polepole. Kulikuwa na kijitabu. Idara ya maji ilikitoa zamani, kwa ajili ya mafundi wa pampu, na kurasa zile zilikuwemo. Alikiandika yeye, usiku na mchana kwa miezi miwili, akiwa fundi mwanafunzi wa miaka ishirini na nne, kwa sababu mafundi wapya walikuwa wakiua pampu na hakuna aliyewaandikia namna ya kufanya. Mhandisi wa idara alikisoma, akakipenda, akasema kitachapwa kama kitabu cha idara. Jina lake halikuwekwa, naye hakuuliza. Nakala yake ililowa mvua miaka mingi iliyopita. Maneno lakini hayakulowa; alipokaa kuandika ripoti yalikuja yenyewe.

"Kwa nini hukuiambia kamati?" aliuliza Bi Nukta.

"Ningesema kuna kitabu, mngesema nimekinakili. Ningesema ni changu, mngeniuliza jina langu liko wapi." Aliufuta mkono kwenye kanga. "Mwalimu ametufundisha mtu asidai kitu asichoweza kukionyesha. Mimi sina cha kuonyesha."

Bi Nukta alichana karatasi kwenye daftari, akampa penseli, akamwomba amchoree kilichokuwa kwenye mchoro wa nne. Mama Pampu aliishika penseli kwa mkono wa kushoto. Alichora valvu ya chini, ile inayozuia maji yasirudi kisimani, bila kufuta hata mara moja, akatia vivuli kwa mistari midogo iliyolala kutoka kushoto juu kwenda kulia chini, kinyume na ya watu wengi. Bi Nukta aliikunja karatasi akaitia mfukoni.

"Kuonyesha ni kazi yangu," alisema.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa kwenye bohari ya idara ya maji, chumba kirefu chenye rafu za chuma na harufu ya grisi. Mtunza bohari alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, na hakumruhusu kugusa kitu kabla hajaandika jina, saa na sababu kwenye daftari la wageni. Bi Nukta aliandika, akampenda papo hapo.

Kijitabu kilikuwepo. Kurasa kumi na sita, jalada la kijivu, jina la idara mbele na hakuna jina la mtu popote. Kwenye ukurasa wa tisa aya zote nne zilikuwepo, na pembeni yake ulikuwepo mchoro wa nne. Bi Nukta aliitoa karatasi yake mfukoni akailaza kando. Ilikuwa valvu ile ile, na vivuli vililala upande ule ule. Lakini maandishi ya kijitabu yalisema saa mbili.

Hapo alisimama. Daktari alikuwa amenakili kijitabu, kosa lake pamoja na kutaja mchoro wake. Hilo lilikuwa wazi sasa. Ila vivuli vya mkono wa kushoto vilionyesha mchoraji tu, na watu wa mkono wa kushoto ni wengi. Na kama mwandishi ni Mama Pampu, saa mbili zilitoka wapi? Aliuliza kama kulikuwa na kitu kingine, chochote, kilichobaki kutoka siku kijitabu kilipochapwa.

Mtunza bohari alimtazama kana kwamba ameulizwa kama ana mikono miwili. Yeye hatupi karatasi, alisema. Waliomtangulia walitupa, yeye hatupi. Alikwea ngazi, akashuka na jalada lililofungwa kwa kamba, akalipangusa kwa kitambaa kabla ya kulifungua.

Ndani mlikuwa na mswada wenyewe, kwenye karatasi za miraba, kwa mwandiko wa wino uliolalia upande mmoja. Kwenye ukurasa wa tisa, mwandishi alikuwa amefika mwisho wa mstari akakosa nafasi, akayapandisha juu maneno mawili kwa herufi ndogo sana: kumi na. Mstari uliofuata ulianza na mbili. Mpiga chapa hakuyaona yale madogo. Bi Nukta aliinama mpaka pua yake ikakaribia karatasi, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Nyuma ya ukurasa wa mwisho palikuwa na jina, majina yote matatu, na namba ya fundi mwanafunzi. Kwenye kona palibanwa kipande cha karatasi chenye sahihi ya mhandisi: jina la mwandishi lisiwekwe, kitabu ni cha idara. Tarehe ilikuwa ya miaka ishirini na miwili iliyopita.

Wakati akipiga picha kila ukurasa, mtunza bohari alimfungulia daftari lingine bila kuombwa. Lilikuwa la kuazima. Nakala namba sita ya kijitabu ilichukuliwa mwaka juzi na mhadhiri mmoja wa chuo, akatia sahihi, akaahidi wiki moja.

"Ukimwona," alisema, "mwambie naisubiri mpaka leo."

Alhamisi kamati ilikaa saa nne, mkuu wa chuo kwenye kiti cha katikati. Bi Nukta alizungumza kwa dakika ishirini. Aliweka mezani makala, ripoti, kijitabu alichokiazima kwa sahihi yake, picha za mswada na za daftari la kuazima, kimoja baada ya kingine, na hakuongeza neno lisilohitajika. Alipofika kwenye maneno kumi na, aliwapitishia wajumbe lenzi ya kukuzia, nayo ikazunguka kutoka mkono hadi mkono. Mkuu wa chuo aliangalia mara mbili.

Daktari alipopewa nafasi, hakukana kukiona kijitabu. Alisema kitabu kisicho na jina hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe hakiwezi kuibwa.

Mwalimu wa uandishi aliomba kusema. Alisimama, ingawa Daktari alikuwa mkubwa wake kazini.

"Kisipokuwa na jina la mtu, unaandika la idara," alisema. "Hilo ni somo la pili, mwaka wa kwanza. Wanafunzi wangu wote wanalijua."

Akakaa. Bi Nukta alimwona Mama Pampu, kwenye kiti chake karibu na mlango, akinyoosha mgongo.

Wajumbe walishauriana kwa muda mfupi. Mkuu wa chuo alisoma uamuzi mwenyewe. Shtaka dhidi ya mwanafunzi lilifutwa. Makala ingeondolewa kwenye jarida, na sababu ingechapwa mahali ilipokuwa. Shauri la mhadhiri lingeenda bodi ya chuo, na Bi Nukta ndiye angeliandaa. Lilibaki jambo moja. Maneno yale yalikwisha kuchapwa zamani, kwa hiyo ripoti haikuwa kamili mpaka yatajiwe chanzo, hata kama chanzo ni mwandishi yule yule.

Mama Pampu aliuliza kama amesikia sawasawa, kwamba ajinukuu mwenyewe. Mwalimu alimweleza kwamba ndivyo inavyofanywa: anayesoma leo lazima ajue maneno yalianza lini, na yalianzia kwa nani. Akamsogezea kadi tupu. Mama Pampu aliiandika taratibu, kadi ya mia moja na kumi na tano, na kamati nzima ikamsubiri kama inavyosubiriwa saini ya mkataba.

Utaratibu ulitaka marekebisho yasomwe, yaingie kwenye kumbukumbu za kikao. Alisimama akasoma: jina lake, mwaka, jina la kijitabu, mswada ulioko bohari ya idara ya maji, ukurasa wa tisa.

Katibu alikuwa bado anaandika. Aliinua uso, akamwomba radhi, akasema amepitwa na jina la mwandishi, alirudie.

Alilirudia, moja baada ya jingine, majina yote matatu, na hakukaa mpaka alipoona kalamu ya katibu imelimaliza.